Nyimbo Mbili Zilizobaki London: Eagles na Albamu Yao ya Tatu

Mwishoni mwa mwaka 1973 bendi ya Eagles ya Los Angeles ilikuwa studio mjini London, ikirekodi albamu yake ya tatu chini ya mtayarishaji aliyeisimamia katika mbili za kwanza, Mwingereza Glyn Johns. Baada ya wiki kadhaa wanamuziki walifunga mizigo na kurudi Marekani, na katika yote yaliyokwisha kurekodiwa ni nyimbo mbili tu zilizoonekana kufaa kuingia katika albamu. Zilizosalia zilirekodiwa Los Angeles na mtayarishaji mwingine, na kazi ikiwa inaendelea bendi ya watu wanne ikawa ya watu watano. Albamu iliyopatikana, On the Border, ilitoka Machi 1974. Si albamu bora ya Eagles, na sijawahi kukutana na mtu aliyedai kuwa ndiyo bora. Ninaichagua kwa sababu santuri hii moja imebeba bendi mbili zenye jina moja, na kwa sababu uamuzi ulioizaa ulileta faida na hasara mahali ambapo wahusika hawakuzitazamia.

Wanamuziki wenyewe walikuwa wageni wa California. Mpiga gitaa Glenn Frey alitoka Detroit na Don Henley, aliyepiga drams huku akiimba, alitoka Linden, mji mdogo wa Texas. Mpiga besi Randy Meisner, mzaliwa wa Nebraska, alikuwa amepitia bendi ya Poco, naye Bernie Leadon, fundi wa gitaa na banjo, alikuwa ametoka Flying Burrito Brothers. Bendi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikichanganya roki na muziki wa kantri kabla mchanganyiko huo haujaanza kuleta fedha. Mwaka 1971 wote wanne walimpigia muziki mwimbaji Linda Ronstadt, kisha wakaunda bendi yao na kusaini mkataba na Asylum, kampuni changa ya David Geffen.

Johns hakuwataka mwanzoni, na sababu yake inafaa kukumbukwa kwa sababu ndiyo itakayorudi baada ya miaka miwili. Alikwenda kuwasikiliza katika ukumbi mmoja wa Boulder, Colorado, akakuta watu wanne wanaojitahidi kupiga roki ya nguvu, na hakuona cha kumvutia. Yeye alikuwa amekaa kwenye mitambo wakati Led Zeppelin wakirekodi albamu yao ya kwanza, na alikuwa amefanya kazi na Rolling Stones na The Who, hivyo roki ya nguvu aliijua kutoka kwenye chemchemi yake. Kilichombadilisha mawazo ni siku alipowakuta mazoezini wameshika magitaa makavu na kuimba kwa sauti nne. Hapo akasikia kitu ambacho bendi alizozizoea hazikuwa nacho, na tangu siku hiyo aliichukulia kazi yake kuwa ni kukilinda kitu hicho.

Albamu ya kwanza, iliyorekodiwa katika studio ya Olympic jijini London na kutolewa Juni 1972, inaonyesha alivyokilinda. Magitaa makavu yamewekwa mbele, drams zimerekodiwa kwa maikrofoni chache kama ilivyokuwa desturi yake, na uimbaji umegawanywa kwa haki ambayo haikurudi tena katika historia ya bendi hii: katika nyimbo kumi Frey anaongoza tatu, Meisner tatu, Henley mbili na Leadon mbili. Msomaji aishike hesabu hiyo, maana nitairudia. Albamu ilifika nafasi ya 22 katika chati ya Billboard, matokeo mazuri kwa wageni.

Ya pili, Desperado ya Aprili 1973, ilikuwa na tamaa kubwa zaidi. Nyimbo zake zimefungwa pamoja na habari za genge la Doolin na Dalton, majambazi wa Marekani ya magharibi katika karne ya 19, na jambazi ndani yake anasimama badala ya mwanamuziki wa roki: kijana anayepata sifa upesi, kisha hajui aende wapi. Mwenye kuisikiliza leo anashangaa kwamba haikupita nafasi ya 41. Wimbo uliobeba jina la albamu, ambao baadaye uliimbwa na wasanii wengi mno, haukutolewa hata kwenye santuri ndogo. Kwa bendi iliyokuwa imeonja redio, kushuka kutoka 22 hadi 41 kulikuwa kengele, na kila aliyeisikia aliifasiri kwa namna yake.

Frey na Henley waliifasiri kuwa kosa la sauti. Walitaka drams zenye kishindo, kila ngoma iwe na maikrofoni yake, na magitaa ya umeme yenye makali. Waliona kwamba Johns anawafanya wapole kuliko walivyo jukwaani, na kwamba anashika usukani peke yake. Juu ya hayo Johns alikataza dawa za kulevya studio, amri ambayo kwa wanamuziki wa California wa miaka ile ilikuwa kama kumnyima mvuvi bahari. Johns kwa upande wake alishikilia kwamba hawakuwa bendi ya roki ya nguvu, na kwamba wakijilazimisha kuwa hivyo watapoteza kile kinachowatofautisha na wengine. Leadon na Meisner hawakuwa na ugomvi wa aina hiyo. Leadon hasa aliupenda muziki wa banjo na mandolini, na mabadiliko yaliyokuwa yakitafutwa yalimsogeza pembeni katika bendi aliyokuwa mmoja wa waasisi wake.

Ninadhani kosa la wote lilikuwa kulichukulia suala hili kuwa la kuchagua kimoja, ama sauti nne ama kishindo. Wenzetu waliokulia katika muziki wa dansi wataelewa vita hii bila kuelezwa, kwa sababu Dar es Salaam bendi hutangaza mtindo wake kwa jina, na akihama mpiga solo mmoja mashabiki huanza kubishana kama mtindo bado ni ule ule. Tofauti ni kwamba huku mtindo ulihama kwanza, watu wakafuata baadaye.

Mtayarishaji mpya alikuwa Bill Szymczyk, Mmarekani aliyekuwa ametengeneza “The Thrill Is Gone” ya B.B. King pamoja na albamu za Joe Walsh. Meneja wa Walsh, Irving Azoff, ndiye aliyechukua shughuli za Eagles mwaka huo wa 1974, kwa hiyo bendi haikuwa imeokota jina hewani. Walikuwa wamesikia jinsi gitaa la Walsh lilivyorekodiwa, wakataka la kwao lisikike vivyo hivyo. Katika studio ya Record Plant, Los Angeles, Szymczyk aliwapa maikrofoni walizozililia na kuwaachia nafasi ya kuamua.

Kisha ilionekana kwamba wimbo mmoja, “Good Day in Hell”, unahitaji gitaa la kutelezesha. Aliitwa Don Felder, rafiki wa Leadon tangu ujana wao Gainesville, Florida, ambako waliwahi kupiga katika bendi moja. Alipiga siku moja, na mara baada ya hapo akaombwa ajiunge. Kwenye jalada la albamu jina lake limewekewa maelezo kwamba amechelewa kufika. Maelezo hayo ni utani, lakini ni sahihi kuliko watani walivyojua, kwani mtu huyo aliyechelewa ndiye aliyekuja na muziki wa “Hotel California”, na ndiye aliyeifanya bendi isihitaji tena banjo ya rafiki yake.

Sasa tuisikilize albamu yenyewe. Inafunguliwa na “Already Gone”, na ndani ya sekunde chache mtu anatambua kwamba chumba kimebadilika: magitaa mawili ya umeme yanajibizana, drams zinagonga kifuani, na Frey anaimba kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba. Kila walichokidai kwa Johns kimo humo. Lakini albamu inafungwa na “Best of My Love”, mojawapo ya zile mbili zilizotoka London. Gitaa kavu linatembea taratibu, Henley anaimba kama anayejizuia asiseme yote, na sauti za wenzake zinaingia nyuma yake moja baada ya nyingine. Hata asiyejua habari za watayarishaji wawili atasikia kwamba wimbo huu umepigwa nyumba nyingine.

“Already Gone” ilitolewa kwenye santuri ndogo ikafika nafasi ya 32. “James Dean” ikafuata, ikaanguka kwenye 77. Wakati huo huo kituo kimoja cha redio huko Kalamazoo, Michigan, kilikuwa kimeanza kupiga “Best of My Love” moja kwa moja kutoka kwenye albamu, na wasikilizaji wakawa wanaiulizia. Kampuni iliitoa mwishoni mwa 1974, ikiwa imeikata ili iwe fupi kwa ajili ya redio bila kuwaomba wanamuziki ridhaa, jambo lililowaudhi sana. Machi 1975, mwaka mzima baada ya albamu kutoka, ikawa namba moja Marekani. Huo ndio ulikuwa wimbo wao wa kwanza kufika kileleni, na ulikuwa kazi ya mtu waliyemwacha.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni bahati ya wimbo mmoja, na ningekubali kama isingekuwa albamu ya mkusanyiko iliyotoka Februari 1976, yenye nyimbo kumi zilizochaguliwa katika albamu nne za mwanzo. Hiyo ndiyo albamu ya kwanza kabisa kupewa hadhi ya platinamu na chama cha kampuni za kurekodi Marekani, na mwaka 2018 chama hicho kiliihesabia platinamu 38, kikaiweka juu ya albamu nyingine zote kwa mauzo ndani ya nchi hiyo. Hesabu nyimbo zake: “Take It Easy”, “Witchy Woman”, “Peaceful Easy Feeling”, “Desperado”, “Tequila Sunrise” na “Best of My Love” ni za Johns. Za Szymczyk ni nne. Miongoni mwa sita za Johns mbili zinatoka katika ile albamu iliyokwama kwenye nafasi ya 41, mojawapo ikiwa haikuwahi hata kutolewa peke yake. Kwa maneno mengine, sauti iliyotangazwa kuwa ndiyo inayowazuia kuuza ndiyo iliyojaza zaidi ya nusu ya albamu iliyouzwa kuliko zote.

Hata hivyo sitaki kumpa Johns ushindi asiokuwa nao. Njia yake isingefika “Hotel California”. Yeye aliamini katika wanamuziki kukaa pamoja na kupiga wimbo ukawa umekwisha, ilhali wimbo ule ulijengwa kama nyumba, tofali kwa tofali. Felder aliurekodi kwanza kama demo kwenye nyumba ya kupanga ufukweni Malibu, na wenzake waliubatiza jina la muda la reggae ya Kimexico. Ulianzia kwenye kii ya E mainor, ikagundulika kwamba Henley hawezi kuiimba, ukashushwa hadi B mainor. Studio ya Criteria, Miami, Henley alisisitiza kwamba sehemu ya magitaa ya mwisho ifanane na ile ya demo ambayo Felder alikuwa ameisahau, ikabidi mtu apigiwe simu Los Angeles auchezeshe mkanda kwenye mkono wa simu ili Felder ajifunze upya alichokibuni mwenyewe. Szymczyk alikata na kuunga mkanda mkuu mara 33. Matokeo ni wimbo wa dakika sita na nusu, dakika mbili zake za mwisho zikiwa ni magitaa ya Felder na Walsh peke yake, na safari hii kampuni ilipotaka kuukata bendi ilikataa. Ulifika namba moja Mei 1977.

Kwa hiyo mabadiliko ya 1974 hayakuwa makosa ya kimuziki. Gharama yake ilikaa kwingine, na inaonekana vizuri mtu akirudi kwenye ile hesabu ya waimbaji. Kwenye albamu ya One of These Nights ya Juni 1975, ya kwanza kufika namba moja, nyimbo tatu zilivuma: uliobeba jina la albamu, wenye mdundo uliosogea karibu na muziki wa disko, “Lyin' Eyes” ya Frey na “Take It to the Limit” ya Meisner. Leadon amebakiwa na wimbo mmoja wa kuimba, “I Wish You Peace”, aliouandika na Patti Davis, binti wa Ronald Reagan, na ambao wenzake hawakuupenda, pamoja na kipande kirefu kisicho na maneno ambamo banjo yake inacheza na vinanda vya nyuzi kana kwamba anaaga. Desemba mwaka huo akatoka. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba alimmwagia Frey bia kichwani. Mimi nafikiri bia ilikuwa tamati tu. Mtu aliyeongoza nyimbo mbili katika kumi, kisha akaona chombo chake hakina nafasi tena, alikuwa ameshatoka kabla chupa haijafunguliwa. Aliyechukua nafasi yake ni Joe Walsh, yule yule ambaye gitaa lake liliwafanya wamtafute Szymczyk.

Albamu ya Hotel California, iliyotoka Desemba 1976, ina nyimbo nane zenye maneno. Henley anaongoza tano. Frey, ambaye ndiye aliyesukuma mabadiliko kuliko yeyote, anaongoza mmoja, na hao wengine wawili ni wa Walsh na Meisner. Wimbo wa “Victim of Love” uliletwa na Felder, naye anasimulia kwamba alikuwa ameahidiwa auimbe. Alipelekwa kula chakula cha jioni na meneja, na aliporudi sauti ya Henley ilikuwa imekwisha wekwa. Kwa sikio uamuzi ule ni sahihi, kwani Henley ni mwimbaji bora mara kumi, na sidhani kama yupo msikilizaji anayelilia toleo la Felder. Lakini ndivyo kila uamuzi ulivyokuwa ukifanywa sasa: nani ataimba ili wimbo uwe bora zaidi, swali ambalo likijibiwa kwa uaminifu katika bendi ya watu watano huwaacha watu watatu wakisubiri zamu isiyokuja.

Meisner alikuwa wa pili kuondoka. Wimbo wake mmoja mkubwa una noti ya juu mwishoni ambayo umati uliingoja kila usiku, na yeye, mtu mwenye haya na mwenye afya iliyochoka kwa safari, aliogopa kuikosa. Mwaka 1977 huko Knoxville alikataa kuurudia wimbo huo, akakwaruzana na Frey nyuma ya jukwaa, na ziara ilipokwisha akaondoka. Alirithiwa na Timothy B. Schmit, ambaye kwa kichekesho cha historia alikuwa amemrithi Meisner huyo huyo katika bendi ya Poco miaka kadhaa kabla. The Long Run ilitoka Septemba 1979 baada ya kusumbua kwa takriban miaka miwili. Ina “I Can't Tell You Why” ya Schmit, ambayo ni nzuri sana, na mengine mengi yanayosikika kama kazi ya watu waliochoka kuonana.

Tarehe 31 Julai 1980, katika onyesho la Long Beach la kumchangia Seneta Alan Cranston, Frey na Felder waliahidiana kupigana katikati ya nyimbo, na bendi ikafa usiku huo. Ilikuwa bado inadaiwa albamu moja ya maonyesho ya jukwaani. Frey aliifanyia kazi Los Angeles na wenzake wakaifanyia Miami pamoja na Szymczyk, kwa sababu hawakutaka kukaa chumba kimoja, na pale sauti za pamoja zilipohitaji kurekebishwa mikanda ilisafirishwa kwa ndege kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine ili sauti ya huyu iwekwe juu ya sauti ya yule.

Katika albamu hiyo, Eagles Live, umo “Seven Bridges Road”, wimbo wa Steve Young, uliorekodiwa Santa Monica siku chache kabla ya ugomvi wa Long Beach. Walizoea kuuimba kabla ya kupanda jukwaani ili kupasha sauti moto. Unaanza bila drams wala gitaa lolote, watu watano wakiimba pamoja, karibu sawa na kile ambacho Johns alikisikia mazoezini siku alipokubali kuwachukua.